Simu iliyokuwa ikiita ndani ya stoo

Saa mbili asubuhi, kabla hata hajatundika mkoba wake, anawasha kompyuta na kusimama mbele yake kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. Chumba ni kidogo: meza moja, mashine ya kutolea nakala inayotumiwa na hospitali nzima, na dirisha linalotazama foleni ya wagonjwa wa nje. Mguu wake wa kulia hautulii.

"Nipe dakika moja," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kugeuka.

Michoro inajitokeza kwenye skrini. Hatazami idadi ya wageni wa tovuti kwa jumla wala habari za kliniki. Anakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa dharura na kutafuta mstari mmoja tu: watu waliobofya namba ya simu, wakarudi, wakabofya tena. Leo hakuna. Anausoma mstari huo mara ya pili kuhakikisha, ndipo anashusha pumzi, anakaa na kuuliza kama mgeni wake atakunywa chai.

Wenzake wanamwita Dada Mtandao. Ndiye anayeitunza tovuti ya hospitali hii: anaandika matangazo, anabadilisha ratiba za madaktari, na kila baada ya miezi kadhaa anawasilisha taarifa ya watu wangapi wameitembelea. Ni kazi ambayo wengi hospitalini hawajui kama ipo. Muuguzi mmoja alishawahi kumuuliza kama analipwa kwa kuangalia mitandao kutwa nzima.

"Wanaocheka na wacheke," anasema. "Mimi nikiona mtu amebofya ile namba mara mbili, siketi mpaka nijue kwa nini."

Hakuajiriwa kwa kazi hii. Alianza kama karani wa dirisha la kadi, mkono mmoja kwenye rejista na mwingine ukipokea vyeti vya wagonjwa. Hospitali ilipoamua kuwa na tovuti, katibu wa hospitali aliuliza kwenye kikao nani anajua kuchapa haraka. Akanyoosha mkono. Mengine alifundishwa na fundi wa kampuni iliyoitengeneza, mengine akajifunza mwenyewe kwa kuharibu na kurekebisha. Mshahara ulibaki ule ule wa karani, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, wa kuombwa upya kila unapokwisha.

Miaka yote hiyo alitumia chombo cha zamani cha kuhesabu wageni. Anakieleza kwa mfano wa mlinzi wa geti anayehesabu miguu. Akiona miguu inapita, anaongeza moja. Kama aliyeingia alimkuta daktari au alikuta mlango umefungwa, hilo halikumhusu mlinzi.

Na miguu ilikuwa mingi. Ukurasa wa dharura ndio uliokuwa ukiongoza. Kwenye vikao vya tathmini katibu alikuwa akitania kwamba foleni ya mtandaoni imeishinda foleni ya dirishani, watu wakicheka na kupiga makofi. Dada Mtandao naye alikuwa akicheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ukurasa mmoja ufunguliwe namna ile.

Mambo yalibadilika pale kampuni ilipoleta chombo kipya cha upimaji. Fundi alimweleza kwa simu kwamba hiki kinaona zaidi: kinatenganisha watu halisi na zile programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe zikifungua kurasa, kinaonyesha mgeni amekaa muda gani, amebofya nini, na ameondokea wapi. Aliufurahia ujio wake kama mtu aliyeletewa miwani.

Asubuhi ya kwanza alipokifungua, karibu nusu ya wageni wake walikuwa wametoweka.

Aliwasha kompyuta upya. Takwimu zilikuwa zile zile. Akampigia fundi, naye akamwambia kwa upole kwamba hao waliotoweka hawakuwahi kuwa watu. Zilikuwa mashine tu, na chombo cha zamani kilikuwa kikizihesabu pamoja na binadamu.

"Niliwaza kikao cha tathmini," anakumbuka. "Nilijiona nimesimama mbele ya kikao, naulizwa wale watu wote nilikuwa nawatoa wapi. Na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha."

Hakwenda kwa katibu siku hiyo, wala siku iliyofuata. Alitaka kwanza apate jambo la kujitetea nalo, hata kama ni moja. Akaanza kupekua kila kitu ambacho chombo kipya kilikuwa kinaonyesha, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta habari njema. Ndipo akafika kwenye ukurasa wa dharura.

Huko watu walikuwa watu kweli. Mashine zilikuwa chache. Ila walichokuwa wakifanya hakikueleweka. Mgeni anaingia, anabofya namba ya simu, anarudi, anabofya tena, anarudi. Mwingine vivyo hivyo, na mwingine. Yule mmoja aliyekuwa akihesabiwa zamani kama wageni wanne au watano, kumbe alikuwa mtu mmoja anayerudia kitu kimoja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba chombo kina hitilafu. Fundi akakubali kwamba huenda, maana bado kilikuwa kwenye majaribio. Akamshauri asubiri wiki mbili tatu.

"Nikaweka simu mezani, nikaitazama," anasema Dada Mtandao. "Halafu nikaona, si niipige tu hiyo namba."

Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo.

Akashuka hadi jengo jipya la dharura, mwendo wa kuvuka uwanja wa kuegesha magari. Alimkuta muuguzi mkuu wa kitengo, mama wa makamo ambaye hospitali nzima inamwita Sista. Akamuuliza mbona hawapokei simu. Sista alimtazama kama aliyeulizwa kuhusu ndege yake binafsi.

"Simu gani, mdogo wangu? Tangu tuhamie huku hatujawahi kuwa na simu ya mezani. Tuliomba, tukaambiwa tusubiri."

Sista anakumbuka kwamba ndugu wa wagonjwa walikuwa wakifika wakilalamika kuwa wamepiga bila kupokelewa. Yeye na wenzake waliwajibu kwamba mtandao wa simu siku hizi ni mbovu. Waliamini hivyo kweli.

Dharura ilikuwa imehamia jengo jipya mwaka uliotangulia. Vitanda vizima vilihamishwa, dawa zikahamishwa, hata kibao cha mlangoni kikang'olewa kikaenda. Namba ya simu kwenye tovuti haikuguswa, kwa sababu ilikuwa namba halali ya hospitali na hakuna aliyesema imekufa. Nayo haikuwa imekufa.

Dada Mtandao alirudi jengo la zamani akiwa na simu yake ya mkononi sikioni, akipiga ile namba huku akitembea kwenye korido. Alipita maabara, akapita chumba cha kushonea mashuka. Mwishoni kabisa, karibu na ngazi, akaisikia. Ilikuwa ikiita nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

Mtunza stoo alikuja na funguo. Ni mzee mtaratibu anayekaribia kustaafu. Alipokuwa akitafuta ufunguo sahihi, alimwambia jambo ambalo hadi leo Dada Mtandao hulirudia kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa naisikia, mwanangu. Kila siku naisikia. Nikajua ina mwenyewe."

Ndani kulikuwa na vitanda visivyo na magodoro vilivyopandishwa juu ya vingine, viti vya magurudumu vilivyokatika miguu, na maboksi. Simu ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, nyeupe iliyogeuka rangi ya vumbi. Akaunyanyua mkono wa ile simu, akasikia kwenye simu yake ya mkononi pumzi zake mwenyewe. Akaurudisha mahali pake. Mzee akageuka kutafuta tena ule ufunguo ili afunge.

Kisha ikaita.

Dada Mtandao anasema alimtazama mzee, mzee naye akamtazama yeye, kila mmoja akingoja mwenzake apokee. Akapokea yeye. Alikuwa mwanamke anayezungumza haraka haraka. Mama yake mzazi ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, hawezi kushika kitu kwa mkono wa kulia. Alitaka kujua ampeleke zahanati ya karibu au amlete moja kwa moja hospitali.

"Mimi ni karani," anasema. "Wa kumjibu alikuwa Sista. Na ule waya wa simu haufiki hata mlangoni."

Alimwomba namba yake, akaiandika kiganjani kwa kalamu ya mzee, akakimbia. Hakumbuki alivyovuka uwanja. Anachokumbuka ni Sista akiusoma mkono wake huku akibonyeza namba, akimwambia yule binti amlaze mama kwa ubavu, asimpe maji wala chochote mdomoni, asipoteze muda zahanati, amlete sasa hivi. Walifika kwa gari la jirani. Yule mama leo anatembea, ingawa mguu mmoja anauburuta kidogo.

Wengine wangeona hapo pana sababu ya kufurahi. Dada Mtandao anasema ndipo hofu ilipoanza. Huyu mmoja alipokelewa kwa sababu kulikuwa na watu wawili wamesimama kwenye stoo kwa bahati. Wale wengine wote kwenye mchoro, waliobofya na kurudi na kubofya, hawakuwa na bahati hiyo.

Mchana huo alikwenda kwa katibu. Alimweleza yote kwa pamoja, mashine zilizohesabiwa kama watu na simu iliyoachwa stoo, kwa sababu hakuona namna ya kusema moja na kuficha jingine. Katibu alimsikiliza hadi mwisho. Suala la idadi hakuligusa kabisa. Kuhusu simu, aliagiza namba iondolewe kwenye tovuti siku hiyo hiyo, paachwe wazi, hadi kitengo cha dharura kitakapopata laini yake. Akamsihi pia asilizungumze jambo hilo nje, maana watu wangeweza kulitumia vibaya.

Dada Mtandao alimuuliza hao watu watafanya nini wakikuta pako wazi.

"Watamleta mgonjwa," katibu alijibu. "Dada, hapa ni hospitali. Watu wanajua njia."

Alirudi mezani kwake na kuiondoa namba kama alivyoagizwa. Ukurasa ukabaki na anwani tu. Chombo kipya kinaweza kuonyesha wageni walioko kwenye tovuti kwa wakati huo huo, na kabla hajafunga kompyuta aliona mtu mmoja kafungua ukurasa wa dharura. Mgeni huyo akakaa hapo kidogo. Hakubofya chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kubofya. Akaondoka.

"Hapo nikaandika namba yangu," anasema.

Ilikuwa namba yake ya mkononi, ile ile inayopigwa na shangazi zake na mwalimu wa binti yake. Alimpitia Sista kwanza. Walikubaliana kwamba mchana atakaa naye kwenye kona ya chumba cha dharura na kumpa simu kila inapoita, na jioni simu itabaki kwa muuguzi wa zamu. Kwa katibu alipanga kwenda asubuhi.

Nyumbani mumewe, ambaye ni fundi friji, aliuliza swali moja tu: mkataba usipofanywa upya, wataishije. Kazi za friji huja na kuondoka, na mama mkwe wake anaishi nao, ana dawa za kila mwezi. Mwishowe mumewe akaichukua simu yake ya zamani, akaichomekea chaji, akasema atampa hiyo awe anaitumia kwa mambo ya nyumbani.

Asubuhi katibu hakumfokea. Alimwambia tu kwamba atalipeleka suala lake kwenye uongozi, maneno ambayo kwa mtu wa mkataba yana uzito kuliko kelele.

Siku zilizofuata anazikumbuka vipande vipande. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Fundi wa ujenzi aliyechomwa na msumari uliotokezea upande wa pili. Mwanaume aliyepiga akauliza kama mtu akimeza vidonge vingi inachukua muda gani, na Sista akamng'ang'ania kwenye simu mpaka kaka yake alipofika. Katikati yao walikuwepo waliopiga kuuliza saa za kuona wagonjwa, na mmoja aliyetaka kujua kama hospitali inanunua kuku.

Alianza kuiota simu. Kila siku ya mapumziko, simu ikiwa haiko mikononi mwake, alikuwa akipiga kuona kama muuguzi atapokea, hadi wauguzi wakamwomba aache. Siku alipoipakata ile simu ya zamani ya mumewe mpaka mezani, akipiga dharura, mama mkwe wake aliweka kijiko chini akauliza, "Hivi sisi tulioa mke au tulioa simu?" Wote wakacheka, yeye akachelewa kucheka.

Hatima yake iliamuliwa siku ambayo katibu alishuka mwenyewe chumba cha dharura. Sista anasimulia kwamba alikuja akiwa na faili la barua mkononi, na wote walidhani mna barua ya kumwachisha Dada Mtandao kazi. Kabla hajasema alichokuja kusema, simu iliita. Alikuwa baba ambaye mtoto wake wa kike alikuwa akibanwa na pumu, na pampu yake imekwisha dawa. Katibu alibaki amesimama wakati Sista akimwelekeza yule baba amkalishe mtoto wima, amhesabie pumzi, na aanze safari. Baba alikuwa kwenye kipaza sauti, na kila mtu chumbani aliisikia ile filimbi ya kifua cha mtoto.

Mtoto alifika, akawekewa hewa. Katibu alikuwa bado yupo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasaini bili ya ile simu ya stoo," alimwambia Dada Mtandao. "Kila mwezi nasaini."

Kilichokuwa ndani ya faili hakukieleza, na hakuna aliyemuuliza. Kabla ya wiki kwisha, kitengo cha dharura kilikuwa na simu yake ya mkononi iliyonunuliwa na ofisi, na baadaye laini ya mezani. Mkataba wa Dada Mtandao ulifanywa upya, kwa mwaka mmoja kama kawaida. Katibu alipoombwa na mwandishi azungumzie jambo hili, alisema hospitali imejifunza na kwamba hapendi kuongeza neno. Kisha akaongeza: "Yule dada angenitii, nisingekuwa nalala."

Dada Mtandao mwenyewe halali vizuri hata sasa. Linalomsumbua ni wale wa mwanzo. Chombo kipya kinaanzia siku kilipofungwa. Ya nyuma ya hapo hakiyajui. Na hata wale kiliowaona, haiwezekani kuwatambua. Kuna mmoja ambaye hamtoki kichwani, aliyeingia kwa simu ya mkononi mchana mmoja, akabofya namba na kurudi, akabofya na kurudi, mara nyingi kuliko yeyote, kisha hakuonekana tena.

Aliwahi kumbembeleza fundi amtafutie jina lake, au hata mtaa. Fundi alimjibu kwamba hata yeye hawezi. Hilo nalo ni moja ya maboresho ya chombo hiki: kimeundwa kisihifadhi utambulisho wa mtu, ili anayesoma kuhusu ugonjwa wake asije akafuatwa hadi nyumbani kwake.

"Nilikasirika, halafu nikaelewa," anasema. "Angekuwa mama yangu anasoma mambo yake, nisingependa karani fulani amjue. Lakini nikifumba macho namwona anabofya."

Ndiyo maana alifikiria kuandika ukurasa mpya. Ni mfupi. Unasema kwamba kwa muda mrefu simu ya dharura ya hospitali hii haikuwa ikipokelewa, kosa lilikuwa la hospitali, na yeyote aliyewahi kupiga bila kujibiwa anaombwa apige sasa aeleze. Katibu aliukalia kwa wiki kadhaa. Alihofia kesi, alihofia magazeti. Juma lililopita aliurudisha ukiwa na neno moja tu lililobadilishwa: palipoandikwa "tunasikitika" ameandika "tunaomba radhi".

Ukurasa uliwekwa hewani siku mwandishi alipokuwa pale. Dada Mtandao aliacha chai ipoe. Sista alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, mkono begani mwake. Waliona mgeni wa kwanza akiingia, akasoma, akatoka. Wa pili naye akatoka. Dada Mtandao alisema anachotaka ni mmoja tu apige amtukane, kwa sababu akimtukana angalau atamjua ni nani.

Simu ya dharura iliita siku ya pili yake, naye akaipokea. Alikuwa mwanaume mtu mzima kwa sauti yake, na kelele za karakana nyuma yake. Alisema ameusoma ule ukurasa. Dada Mtandao alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya pole, alikuwa na karatasi ya kuandikia tarehe na jina la mgonjwa. Mwanaume hakutaja mgonjwa.

"Kwa hiyo siku hizi mnapokea?" aliuliza.

"Tunapokea, baba. Saa zote."

"Haya," akasema, na akakata.

Hakumpigia tena. Anasema namba ilikuwa imejitokeza na angeweza, ila mtu akichagua kunyamaza ana haki ya kunyamaza.

Mpango wake sasa ni kuzungukia zahanati na vituo vya afya vyenye tovuti kama yao. Ameshaandika barua za kuomba nafasi, na fundi wa kampuni amekubali kufuatana naye ili awaonyeshe watunza tovuti wenzake namna ya kusoma chombo kipya, hasa ule mstari wa wanaobofya na kurudi. Sista ameahidi kwenda pia, zamu zikiruhusu.

"Sitawafundisha mambo makubwa," anasema. "Nitafika, nitaketi nao, tutaifungua tovuti yao. Halafu nitatoa simu yangu niipige namba yao, tusikilize wote inaita wapi."